Zao la Namba Tasa, Ongeza Moja: Hotuba kwa Walimu na Wanafunzi wa Hisabati, Dodoma

Ndugu walimu wa hisabati mliotoka Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na hapa mjini. Vijana wetu wa kidato cha kwanza hadi cha sita. Na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa na watoto wenu: mbukwenyi, na asanteni kwa kufika.

Somo letu leo ni mifuatano ya namba inayozaliwa kwa kuzidisha namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mtoto wa darasa la sita ana vifaa vyote vya somo hili, maana anajua kuzidisha, kugawanya na kutafuta vigawo. Na bado mtoto huyo huyo, kwa kipindi kimoja tu cha kazi ya ubaoni, anaweza kufikishwa kwenye swali ambalo hakuna mtu duniani aliyelijibu. Hatujui sehemu nyingine ya hisabati yenye njia fupi kiasi hicho. Sababu ya pili iliyotuleta ni kosa moja linalofundishwa kwa nia njema kabisa, likaandikwa kwenye madaftari, likakaririwa. Tutalifikia sasa hivi.

Andikeni namba tasa kwa mpangilio wake: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Sasa zizidisheni, mkiingiza tasa moja baada ya nyingine. Mbili peke yake ni 2. Mbili mara tatu ni 6. Mara tano, 30. Mara saba, 210. Mara kumi na moja, 2,310. Mara kumi na tatu, 30,030. Mara kumi na saba, 510,510. Mara kumi na tisa, 9,699,690. Tutayaita mazao haya P1, P2, P3 na kuendelea, kufuatana na idadi ya tasa zilizozidishwa. Kwa hiyo P4 ni 210 na P6 ni 30,030. Wako wanaoanzia na P0 = 1, yaani kabla ya kuzidisha chochote, nao wako sahihi; wekeni tu wazi mmeanzia wapi, kwa sababu nusu ya mabishano ya majibu kwenye mifuatano hutokana na watu wawili kuanza kuhesabu mahali tofauti.

Kila zao hapo ndilo namba ndogo kuliko zote yenye idadi hiyo ya vigawo tasa tofauti. Hakuna namba chini ya 210 yenye vigawo tasa vinne tofauti, na sababu yake inatosha mstari mmoja: ukichukua tasa nne zozote ukazipanga, ya kwanza haiwezi kuwa chini ya 2, ya pili haiwezi kuwa chini ya 3, ya tatu chini ya 5, ya nne chini ya 7. Hapo mwalimu anapata kipimo cha haraka. Mwanafunzi akikuletea namba iliyo chini ya milioni moja akadai ina vigawo tasa tofauti vinane, huna haja ya kuikagua, kwa sababu P8 tayari imevuka milioni tisa. Chini ya milioni moja, mwisho ni saba.

Chukueni mkulima wa zabibu kule Hombolo mwenye miche 210 anayetaka kuipanda kwa mistari iliyo sawa bila mche kubaki. Anaweza kuweka 1 kwa 210, 2 kwa 105, 3 kwa 70, 5 kwa 42, 6 kwa 35, 7 kwa 30, 10 kwa 21, au 14 kwa 15. Mipango minane, kwa sababu kila kimoja kati ya vigawo vinne kinaweza kuwa upande huu au upande ule wa mstatili: 2 × 2 × 2 × 2 ni 16, na kila mstatili umehesabiwa mara mbili. Sasa mpeni mche mmoja zaidi, iwe 211. Mipango yote saba yenye upana inavunjika kwa mpigo, unabaki mstari mmoja mrefu wa miche 211. Mche mmoja tu ndio umefanya hayo, na hapo ndipo linapoanzia lile kosa.

Mwalimu anaandika ubaoni: 2 + 1 = 3, tasa. 6 + 1 = 7, tasa. 30 + 1 = 31, tasa. 210 + 1 = 211, tasa. 2,310 + 1 = 2,311, tasa. Darasa zima linaona, na mtu anahitimisha: ukizidisha tasa za mwanzo ukaongeza moja, unapata tasa. Kisha wanaambiwa kwamba hivyo ndivyo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alivyothibitisha kuwa tasa hazina mwisho. Euclid hakusema hivyo. Na kauli yenyewe si kweli. Inavunjika kwenye hatua ya sita.

Tuishike hiyo hatua ya sita kwa mkono, maana kazi yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Namba ni 30,031. Kipeuo chake cha pili ni kama 173.3, kwa hiyo ikiwa si tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi 173. Tasa kuanzia 2 hadi 173 ziko 40. Sita za mwanzo hatuzigusi kabisa: kila moja inagawa 30,030, kwa hiyo kwenye 30,031 inaacha baki 1. Tunaanzia 17.

17 mara 1,766 ni 30,022, baki 9. Kwa 19, baki 11. Kwa 23, baki 16. Kwa 29, baki 16 tena. Msishtuke, ni sadfa tu. Kwa 31, baki 23. Kwa 37, baki 24. Kwa 41, baki 19. Kwa 43, baki 17. Kwa 47, baki 45. Kwa 53, baki 33. Kwa 59: 59 mara 500 ni 29,500, 59 mara 9 ni 531, jumla 30,031. Baki sifuri. Majaribio 11 tu, na kauli iliyokaririwa miaka yote imeanguka: 30,031 = 59 × 509.

Je, 509 nayo ni tasa? Wengi hapa huanza kugawanya upya kuanzia 2. Hakuna haja. Tumeshaonyesha kwamba hakuna tasa iliyo chini ya 59 inayogawa 30,031, kwa hiyo haiwezi kugawa 509 pia. Na 59 mara 59 ni 3,481, kubwa kuliko 509. Basi 509 ni tasa bila jaribio hata moja zaidi. Wafundisheni wanafunzi kusimama hapo. Wanaokoa muda, tena wanaelewa kwa nini wamesimama.

Neno kuhusu kikokotoo. Ukigawanya 30,031 kwa 17 kinakuonyesha 1766.529411, na mwanafunzi anaandika "haigawanyiki". Sawa, ila kwenye namba kubwa sehemu ya desimali inaweza kuwa ndogo kiasi cha kukatwa na kioo, akaona namba nzima isiyo kweli. Njia salama ni kuchukua sehemu nzima, 1,766, kuizidisha kwa 17, na kutoa kwenye 30,031. Baki ni namba kamili, halina ubishi. Na aliandike. Orodha ya mabaki ndiyo inayomwezesha mwalimu kuona mwanafunzi alikosea wapi. Safu ya "hapana, hapana, hapana" haimsaidii yeyote.

Hatua inayofuata ni rahisi zaidi: 510,511. Jaribio la kwanza kabisa, 19, linafanikiwa: 19 × 26,869. Na 26,869 ni 97 × 277. Vigawo vitatu. Kwa kweli, baada ya 2,311, mazao ya sita hadi kumi yote yakiongezwa moja hayatoi tasa. La kumi na moja, linaloishia kwenye tasa 31, linatoa: 200,560,490,131 ni tasa. Baada ya hapo tasa ya mwisho unayopaswa kufika ili upate tena ni 379, kisha 1,019, kisha 1,021. Na hakuna aliyethibitisha kama tasa za namna hii zinaendelea bila mwisho au zinakoma.

Sasa, alichokisema Euclid, miaka kama 300 kabla ya Kristo, ni hiki. Nipe orodha yoyote ya tasa yenye mwisho. Si lazima ziwe za mwanzo, si lazima zifuatane. Zidisha zote, ongeza moja. Namba uliyopata ina kigawo tasa angalau kimoja, na kigawo hicho hakimo kwenye orodha yako, kwa sababu kila kilichomo kinaacha baki 1. Basi orodha yako haikuwa kamili. Hakuna mahali palipodaiwa kwamba namba yenyewe ni tasa. Jaribuni na orodha ya 5 na 7: 35 + 1 = 36, ambayo ni 2 × 2 × 3 × 3. Hiyo 36 iko mbali sana na kuwa tasa, lakini imetuletea 2 na 3 ambazo hazikuwamo. Jaribuni na 3 na 7: 22, yaani 2 × 11, zote mpya. Tunawaomba walimu muanze na mifano hii miwili kabla ya ile ya 2, 3, 5. Mwanafunzi aliyeanza na 36 hawezi kulishika lile kosa hata akitaka.

Kuna ukweli mwingine mdogo ambao kijana wa kidato cha pili anaweza kuuthibitisha mwenyewe: zao la tasa za mwanzo likiongezwa moja haliwi namba mraba kamwe. Kila P ni 2 mara namba witiri, kwa hiyo ukiigawa kwa 4 inabaki 2, na ukiongeza moja inabaki 3. Lakini mraba wowote ukigawanywa kwa 4 unabaki 0 au 1: mraba wa namba shufwa unabaki 0, wa witiri unabaki 1. Kwisha.

Sasa tufike pale tulipoahidi, kwenye swali lisilo na jibu. Mwaka 1963 Albert Mullin alipendekeza kuifanya hoja ya Euclid ijizungushe yenyewe. Anza na 2. Ongeza moja: 3, kigawo tasa kidogo kabisa ni 3, kiweke kwenye orodha. 2 × 3 + 1 = 7. Kiweke. 2 × 3 × 7 + 1 = 43. Kiweke. Sasa zao ni 1,806, ukiongeza moja ni 1,807, na hiyo ni 13 × 139. Tunachukua kidogo, 13, na 139 tunaiacha. Zao jipya ni 23,478; moja zaidi ni 23,479 = 53 × 443. Tunachukua 53. Zao ni 1,244,334. Moja zaidi inaishia na 5, kwa hiyo tunachukua 5. Angalieni: 5 imefika ya saba, baada ya 43 na 53. Zao ni 6,221,670, na 6,221,671 ni tasa yenyewe, inaingia. Inayofuata ni 38,709,183,810,571, nayo ni tasa. Na ya kumi? 139, ile ile tuliyoiacha.

Swali la Mullin: je, kila tasa itafika siku moja kwenye mfuatano huu? Hakuna anayejua. Kazi ya kompyuta ilifikia hatua ya 51 na kukwama, kwa sababu ya 52 inadai kupata kigawo kidogo cha namba yenye tarakimu 335, ambayo inajulikana kwamba si tasa. Tasa ndogo kuliko zote ambayo haijaonekana kwenye hatua hizo ni 41. Mwambieni mwanafunzi hivyo, kwa maneno hayo hayo: hakuna anayejua kama 41 imo.

Badilisheni kanuni moja tu, mchukue kigawo kikubwa kabisa badala ya kidogo. Mnapata 2, 3, 7, 43, kisha 139 badala ya 13. Halafu 1,806 × 139 = 251,034; moja zaidi ni 251,035 = 5 × 50,207, tunachukua 50,207. Hapa 5 ilijitokeza ikapitwa. Na haitachukuliwa kamwe, jambo linalothibitishwa kwa mistari minne ambayo tungependa kila mwanafunzi hapa aondoke nayo. Tuseme 5 ndiyo kigawo kikubwa kabisa cha zao ongeza moja. Zao lina 2 na 3 ndani yake, kwa hiyo zao ongeza moja haligawanyiki kwa 2 wala kwa 3. Basi vigawo vyake tasa vyote ni 5, yaani ni 5 × 5 × … × 5. Ukiitoa moja namba ya namna hiyo, inagawanyika kwa 4: 5 toa 1 ni 4, 25 toa 1 ni 24, 125 toa 1 ni 124, na kuendelea, kwa sababu kila kipeo cha 5 kikigawanywa kwa 4 kinabaki 1. Lakini zao letu ni 2 mara tasa witiri tofauti, haliwezi kugawanyika kwa 4. Haiwezekani. Mwaka 1968 Cox na van der Poorten walionyesha kwamba pamoja na 5, hata 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 47 hazimo kwenye mfuatano huu wa pili, na mwaka 2012 Andrew Booker akathibitisha kwamba tasa zisizomo hazina mwisho. Mifuatano miwili inayotofautiana neno moja tu, kidogo kwa kikubwa. Mmoja umejibiwa, mwingine umegoma.

Turudi kwa mkulima wetu kidogo. Mstatili wake wa mwisho ulikuwa 14 kwa 15, namba mbili zinazofuatana. Tazameni mazao ya kwanza: 2 = 1 × 2, 6 = 2 × 3, 30 = 5 × 6, 210 = 14 × 15. Inavutia kusema itaendelea. Kwa 2,310: 47 × 48 ni 2,256 na 48 × 49 ni 2,352, tumeruka. Kwa 30,030 nako hakuna. Kwa 510,510, ipo: 714 × 715. Hakuna nyingine inayojulikana baada ya hapo. Njia ya kukagua bila kubahatisha ni kuzidisha zao kwa 4 na kuongeza 1. Likiwa zao la namba mbili zinazofuatana, jibu ni mraba. 4 × 210 + 1 = 841, mraba wa 29. 4 × 510,510 + 1 = 2,042,041, mraba wa 1,429, na 1,429 ni 714 jumlisha 715.

Jozi hii ilipata umaarufu mwaka 1974 Marekani, pale mchezaji wa besiboli Hank Aaron alipoivuka rekodi ya Babe Ruth ya mipigo 714 ya mzunguko kamili (home run) kwa kufikisha 715. Nelson, Penney na Pomerance wakaandika kuihusu mwaka huo huo, maana ina jambo la pili: 714 ni 2 × 3 × 7 × 17, na 715 ni 5 × 11 × 13. Jumlisheni vigawo vya kila upande. Pande zote mbili ni 29.

Upo pia mfuatano wa Reo Fortune, mwanaanthropolojia wa New Zealand. Yeye hakuongeza moja; aliuliza ni namba gani ndogo kuliko zote, iliyo zaidi ya 1, ambayo ukiiongeza kwenye zao unapata tasa. Kwa 2 ni 3, kwa 6 ni 5, kwa 30 ni 7, kwa 210 ni 13, kwa 2,310 ni 23, kwa 30,030 ni 17. Zote tasa. Fortune alidai itakuwa hivyo daima, na hadi leo dai lake halijathibitishwa wala kukanushwa. Sababu ya kuliamini inaonekana kwa macho: ukiongeza kwenye 210 namba inayogawanyika kwa 2, 3, 5 au 7, jumla nayo itagawanyika. Kwa hiyo unayoiongeza lazima iwe haina vigawo hivyo, na isiyo tasa ya namna hiyo inaanzia 11 × 11, yaani 121. Tasa huwa inapatikana mapema sana kabla ya kufika huko. Ila "huwa inapatikana mapema" si uthibitisho, na tumeshaona leo hatua tano za mwanzo zinavyoweza kumdanganya mtu.

Kwa upande wa mazoezi ya darasani, mfuatano tunaoupendekeza kuliko wote ni wa namba zenye vigawo tasa viwili tu, sawa au tofauti: 4, 6, 9, 10, 14, 15, 21, 22, 25, 26, 33, 34, 35 na kuendelea. Wapeni wanafunzi wazitafute zote hadi 100. Watakaokagua namba moja moja watasahau 51, 57, 87 na 91, kwa sababu zinafanana na tasa. Waelekezeni wapange kwa kigawo kidogo badala yake. Kigawo kidogo kikiwa 2, mwenzake ni tasa yoyote hadi 50: ziko 15. Kikiwa 3, mwenzake ni kuanzia 3 hadi 33: ziko 10. Kikiwa 5, kuanzia 5 hadi 20: ziko 6. Kikiwa 7, ni 7, 11 na 13: ziko 3. Kikiwa 11, 11 × 11 imeshavuka 100, tunaacha. Jumla 34, hakuna iliyosahaulika wala iliyorudiwa mara mbili. Siri ni kuanzia kwenye kigawo kidogo chenyewe na kupanda. Anayeanzia 2 kila mara atahesabu 15 mara mbili, kama 3 × 5 na kama 5 × 3. Aina hii ya namba, ikiwa kubwa sana, ndiyo iliyobeba mbinu ya kuficha ujumbe kwa ufunguo (RSA) ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977. Namba yao ya changamoto yenye tarakimu 129 ilivunjwa mwaka 1994, na ya tarakimu 250 mwaka 2020. Funguo za biti 2,048 zinazotumika mitandaoni zina tarakimu 617.

Sasa kompyuta, maana shule nyingi zinazo na vijana wanapenda kuandika programu. Mazao haya yanakua haraka, na mashine haikuambii ilipoishiwa nafasi. Kwenye lugha ya C, namba kamili ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. P9, 223,092,870, inaingia. P10 ni 6,469,693,230, haiingii, na kwa kawaida utaona −2,120,241,362. Bahati njema hiyo, kwa sababu alama ya kutoa inakushtua. Ukitumia biti 64 unafika P15, halafu P16 inakuja nayo hasi. Excel ni hatari zaidi kwa sababu haitoi ishara. Inatunza tarakimu 15 tu za maana. P13 ina tarakimu 15, inakaa sawa. P14 ni 13,082,761,331,670,030, na Excel itakuonyesha inayoishia na 670,000. Ukiongeza moja, hakuna kitakachobadilika kwenye kioo. Yaani ile moja ya Euclid, ambayo ndiyo roho ya hoja yote, imemezwa, na mwanafunzi anaendelea kutafuta vigawo vya namba ambayo si yake. Tumieni lugha ya Python kwa kazi hii. Namba zake kamili hazina kikomo hicho, zinapanuka kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Na msitumie alama moja ya mkwaju kugawanya. Tumieni alama ya asilimia (%) kupata baki na mikwaju miwili (//) kupata sehemu nzima, la sivyo Python nayo itawageuzia jibu kuwa desimali.

Mwanafunzi akipata mfuatano akadhani ni mpya, akaulize kwenye hazina ya mtandaoni inayoitwa OEIS, oeis.org. Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, akachapisha mifuatano 2,372 mwaka 1973, na mwaka 1996 ikaingia mtandaoni. Ni bure. Andikeni namba zenu zikitenganishwa kwa mkato, na hapo kuna mtego: msiweke mkato ndani ya namba. Ukiandika 2,310 itasomwa kama 2 halafu 310, na hutaupata mfuatano wako. Andika 6,30,210,2310,30030 na utaletewa A002110, ambayo ni namba ya mfuatano wetu kwenye hazina hiyo. Ukikosa jibu, ondoa namba ya kwanza au mbili za mwanzo, kwa sababu huenda umeanzia mahali tofauti na wao. Wekeni namba sita hivi. Tatu ni chache mno, zitalingana na maelfu. Wa kwanza wa Mullin ni A000945, wa pili A000946, wa Fortune ni A005235, na ule wa vigawo viwili ni A001358. Kila ukurasa una maelezo ya yaliyothibitishwa na yale ambayo bado ni dai tu, na wahariri wake ni wakali juu ya tofauti hiyo. Tunapenda ukali huo uingie na kwenye madaftari ya watoto wetu.

Tunawaachia kazi ya darasa zima. Namba ni 9,699,691, yaani P8 ongeza moja. Tasa nane za mwanzo hazihusiki. Andaeni kwanza orodha ya tasa kuanzia 23 hadi 347 kwa chekeche la Eratosthenes, yaani kuandika namba zote na kufuta vizidishe vya kila tasa. Ziko 61, zinatosha darasa kubwa kwa kila mwanafunzi kupewa moja. Kila mmoja agawanye kwa mkono, aandike sehemu nzima na baki, kisha abadilishane karatasi na jirani yake, ambaye atazidisha kurudi nyuma na kuongeza baki ili kuona kama inarudi 9,699,691. Mabaki 60 hayatakuwa sifuri. Mwenye 347 atapata 27,953 kamili. Mwulizeni yeye, mbele ya wenzake, kwa nini hana haja ya kujaribu kuigawa 27,953 tena. Jibu liko kwenye karatasi za wenzake 60, na kwenye 347 × 347, ambayo ni 120,409.